Mikunjo ya buibui: jinsi ya kuonyesha picha za chama kwa projekta

Chama chetu cha wapiga picha kilipopata projekta yake ya kwanza ya Full HD hapa Amu, yaani mji wa Lamu, picha ya kwanza kuirusha ilikuwa ya mama mmoja aliyesimama mbele ya mlango wa nakshi, amevaa buibui, na kando yake mwanawe na kanzu nyeupe. Kwenye simu ya mwenye picha ungeweza kuhesabu mikunjo ya lile buibui. Ukutani yule mama alikuwa kivuli cha kijivu, mfano wa majivu ya jikoni, na kanzu ya mtoto imekuwa karatasi isiyoandikwa kitu. Mlango nao ulikuwa na umanjano uliokwenda kijani. Mwenye picha akaguna, "Ndiyo mashine yenyewe hii?" Mkutano uliofuata hakuja.

Mashine haikuwa na kosa. Makosa yalikuwa yetu, na ukiyahesabu hayapungui sita, kila moja dogo. Tangu usiku ule mimi ndiye niliyebebeshwa projekta ya chama, kwa hiyo haya ni maelezo ya mtu aliyejifunza kwa kuaibika mbele za watu. Yatamfaa yeyote ambaye siku moja ataambiwa, "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Basi shika hii."

Weusi unatoka wapi

Kabla hujagusa waya, lielewe hili moja. Projekta hurusha mwanga, na hakuna mwanga mweusi. Mahali penye weusi kwenye picha ni mahali ambapo projekta imejizuia isirushe kitu. Kwa hiyo weusi utakaouona ni rangi ya pazia lenyewe linalorushiwa picha, katika chumba hicho, usiku huo. Taa ya barazani ikipenya ikalipiga pazia, buibui la kwenye picha haliwezi kuwa jeusi kuliko pazia hilo lililopigwa na taa. Hata ununue projekta ya bei ya mashua, hutashinda.

Simu na laptopu zina mwangaza wao mkali na kioo cheusi, ndiyo sababu picha huonekana tamu mkononi na chapwa ukutani. Ukilijua hilo, utaona kwamba nusu ya kazi ya projekta haifanywi kwenye projekta. Inafanywa chumbani, kwa giza, na nyumbani kwa mpiga picha kabla faili halijatumwa.

Hatua ya kwanza: ijue uliyo nayo

Full HD maana yake ni pikseli, yaani vijinukta vya picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Lakini soma sanduku kwa makini. Ziko projekta ndogo za bei rahisi zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwamba "zinakubali 1080p". Kukubali ni kupokea tu. Ndani yake kioo chenyewe huenda kikawa na pikseli 800 kwa 480, na picha yako hubanwa humo kama abiria wa matatu. Neno la kulitafuta ni "native", yaani ukubwa halisi wa kioo cha ndani. Lisipokuwapo, muulize muuzaji, na akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni.

Projekta nyingine za ofisini zina pikseli 1920 kwa 1200. Hizo ni nzuri pia, na kile kimo cha ziada ni neema kwa picha za wima. Zile za zamani za 1024 kwa 768 bado zipo mashuleni. Ukiazima moja, badilisha vipimo vyote nitakavyovitaja hapa chini.

Mwangaza hupimwa kwa lumeni. Kwa chumba chenye giza na pazia la upana wa mita mbili, lumeni 3000 zinatosha na kubaki. Kumbuka tu kwamba ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne, na mwanga uleule unagawanywa mara nne. Ndiyo maana picha iliyong'aa chumbani hufifia ukiipanua mita nne uwanjani.

Hatua ya pili: picha iwe na kimo cha pazia

Hapa ndipo wanachama wengi wanapokosea, na ndipo pa kuwabana bila huruma.

Kamera ya kawaida ya pikseli milioni 24 hutoa picha ya 6000 kwa 4000. Projekta ya Full HD ina pikseli milioni mbili na kidogo tu. Ukiileta picha ile nzima, laptopu italazimika kuipunguza papo hapo, pikseli kama kumi na nne zikibanwa kuwa moja, kwa njia isiyokuwa yako. Kamba za jahazi huwa na meno kama ya msumeno, na mchanga wa ufukwe wa Shela unakuwa uji. Ipunguze mwenyewe nyumbani, kisha ndipo uikoleze ukali kidogo, mwishoni kabisa, ukiwa unaitazama kwa ukubwa wake wa kweli. Ukikoleza kabla ya kupunguza, kazi hiyo yote inapotea.

Kipimo kimoja cha kukariri: kimo kisizidi 1080, upana usizidi 1920. Kwa maumbo ya kawaida hutoka hivi:

– picha ya mlalo ya kamera (3 kwa 2): 1620 kwa 1080
– picha ya wima ya kamera: 720 kwa 1080
– picha ya mlalo ya simu (4 kwa 3): 1440 kwa 1080
– picha ya wima ya simu: 810 kwa 1080
– mraba: 1080 kwa 1080
– picha ndefu ya bandari nzima: upana 1920, kimo chochote kitakachotoka

Usimruhusu mtu ajaze nafasi iliyobaki kwa fremu nyeupe. Fremu nyeupe kwenye pazia ni taa: humulika chumba kizima na kuua weusi wa picha anayotaka kuipamba. Pembeni pabaki peusi.

Tazama tena zile namba za wima. Picha ya wima ya kamera inapata pikseli 720 kwa upana, ile ya mlalo inapata 1620. Eneo lake halifiki hata nusu ya mwenzake. Kwa mji huu huo ni msiba, maana milango yetu ya nakshi ni ya wima, vichochoro ni vya wima, minara ni ya wima. Wazee waliotumia projekta za slaidi hawakuijua taabu hii. Slaidi ya wima na ya mlalo zote ziliingia kwenye pazia la mraba kwa ukubwa uleule. Lakini Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na upana wa sinema ndio uliotawala. Mimi huwashauri wanachama wakate picha za wima ziwe 4 kwa 5, yaani 864 kwa 1080, pale zinapokubali. Mlango wa nakshi mara nyingi hukubali, kwa kuwa juu yake kuna ukuta mtupu na chini kuna kizingiti na paka. Ukiona ukikata unamuua paka, usikate.

Rangi ziwe za sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, na faili liwe JPEG ya ubora wa juu. Atakayehifadhi kwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, bila kugeuza ataona zile kanga nyekundu zimepauka, na atailaumu projekta. Wenye simu za iPhone waangalie pia kwamba faili ni JPEG, si HEIC, kwa sababu kompyuta nyingi haziifungui HEIC mpaka ziwekewe programu ya ziada, na utaligundua hilo watu wakiwa wameshakaa mkekani.

Hatua ya tatu: kukusanya

Weka siku ya mwisho iwe siku mbili kabla ya mkutano. Si jioni ileile. Flashi zinazoletwa jioni ileile huja na virusi na picha mia mbili za arusi.

Ukipokea kwa WhatsApp, mwambie mtu atume kama dokumenti, si kama picha. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huibana, na ule ukali alioukoleza kwa uangalifu unageuka vumbi linalozunguka kila kamba na kila mlingoti. Barua pepe au flashi iliyosafishwa ni salama zaidi.

Yape mafaili namba za tarakimu mbili mbele ya jina: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, kuna programu zitakazopanga 1, 10, 11, kisha 2, na mtangazaji atasoma "Machweo ya Manda" huku ukutani kuna punda. Kama ni shindano, jina la mpiga picha lisiwe kwenye faili kabisa. Liandike kwenye daftari pembeni.

Zipitie zote mwenyewe kabla ya siku. Amu ni mji mdogo. Yule mwanamke aliyepigwa picha kwa mbali kichochoroni bila kuulizwa ni shangazi ya mtu aliyeketi safu ya pili. Picha ikiwa mita mbili ukutani si sawa na picha iliyo simuni. Sisi tumeweka kanuni: uso wa mtu mzima ukionekana, mpiga picha aseme kwamba aliomba ruhusa. Asiposema, faili linabaki kwangu.

Hatua ya nne: chumba na pazia

Nyumba za mawe za Amu zilijengwa kwa kipimo cha boriti. Mkoko hautoi boriti ndefu ya kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, kwa hiyo chumba huwa na upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi, halafu kinanyooka kwa urefu. Vyumba hivi vinaifaa projekta kana kwamba fundi wa zamani alituwazia. Pazia liweke kwenye ukuta mfupi wa mwisho, watu wakae kwa urefu wa chumba. Upana wa picha utakuwa mita mbili, na kimo kama mita moja na sentimita kumi na mbili. Mtu wa mbele asikae karibu zaidi ya mita tatu, la sivyo ataanza kuhesabu pikseli badala ya kutazama.

Usiurushie mwanga ukuta wenyewe. Chokaa ya Amu ina mawimbi, ndiyo uzuri wake, na kila wimbi hugeuka kivuli chini ya uso wa mtu. Na kama ukuta una zidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo, ndiyo kabisa. Tuliwahi kurusha picha ya bahari juu ya zidaka, ikawa kama bahari imewekwa rafu za vyombo.

Pazia la kununua lenye rangi nyeupe isiyong'aa ndilo bora. Ukikosa, kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka umanjano umetoka kinafaa, ila kiwe mara mbili au kiwe na kitambaa cheusi nyuma. Kikiwa kimoja, mwanga hupenya na kupotelea ukutani nyuma yake. Kinyooshe pande zote nne. Shuka la kitandani lililokunjwa huacha mistari ya mkunjo, na kila picha ya anga itakuwa na msalaba katikati.

Sasa giza. Ziba madirisha, zima taa, funika ile taa nyekundu ya stabilaiza. Lakini hata ukizima yote, bado kuna mwanga mmoja unaosahauliwa: ule unaotoka kwenye pazia, ukapiga kuta nyeupe za kando, ukarudi tena kwenye pazia. Picha moja ya mchanga wa Shela wakati wa adhuhuri hukiangaza chumba cheupe kama kumekucha. Dawa yake ni nguo za giza. Ning'iniza mablanketi au vitambaa vyeusi kwenye kuta mbili za kando, mita moja na nusu ya kwanza kutoka kwenye pazia, na kwenye dari ukiweza. Sisi tulitumia mabuibui mawili makuukuu ya mama yangu, na tofauti iliyoonekana ilimfanya hata yule aliyeguna acheke. (Alirudi, ndiyo. Ilichukua miezi mitatu.)

Kujua kama giza linatosha, washa projekta, iwekee kadibodi mbele ya lensi, subiri macho yazoee, kisha tazama saa yako ya mkononi. Ukiweza kuusoma mshale wa dakika, bado kuna mwanga wa kuuwinda.

Ukitaka kuonyesha nje, juu ya paa au katika uwanja kama ule wa ndani ya Ngome, subiri giza liive. Jua letu huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, ila anga huchelewa kufa. Anza saa mbili usiku, watu wakishatoka isha. Ukianza magharibi utakosa watu na utakosa weusi. Kingine cha nje ni upepo. Pazia la mita nne juu ya paa wakati wa kusi si pazia tena, ni tanga, na litakwenda kisiwa cha Manda bila wewe. Lifunge kama tanga: mti juu mfano wa foromali, mti mwingine chini, kamba pembe zote nne, na matundu madogo pembezoni upepo upite. Kama siku hiyo kusi ni kali, ingieni ndani tu.

Hatua ya tano: iweke sawa, usiipinde

Kila projekta ina uwiano wake kati ya umbali na upana wa picha, nao umeandikwa kwenye kitabu chake. Kama uwiano ni 1.5, picha ya upana wa mita mbili inataka projekta iwe mita tatu kutoka kwenye pazia. Kama ni 1.2, mita mbili na sentimita arubaini. Pima kwa futi ya fundi kabla watu hawajaja, utie alama sakafuni kwa kipande cha utepe. Mkutano ujao hutapima tena.

Iweke katikati ya pazia, ikiangalia mbele moja kwa moja. Projekta nyingi za mezani hurusha picha kwenda juu, kwa hiyo lensi hukaa karibu na usawa wa ukingo wa chini wa picha. Meza ikiwa fupi, watu huinua pua ya projekta kwa kitabu, picha inapanuka juu kama ungo, kisha wanainyoosha kwa kile kitufe cha "Keystone". Usikiguse. Kitufe hicho hakinyooshi lensi, kinakata na kushona upya pikseli zako. Ile kazi yote ya 1620 kwa 1080 inafutwa kwa kidole kimoja. Tafuta meza ndefu zaidi, au shusha pazia.

Lenga ukali kwa kutumia maandishi madogo, si kwa picha. Angalia katikati, kisha pembe zote. Halafu rudia baada ya dakika ishirini, maana lensi ikipata joto hubadilika kidogo, na rangi za taa nazo hutulia wakati huo. Kwa hiyo washa mapema. Usihukumu rangi kwa dakika za mwanzo.

Hatua ya sita: laptopu

Tumia kebo ya HDMI, fupi kadiri inavyowezekana. Kebo ndefu kupita mita kumi huanza kuleta vituko: picha inakatika, inarudi, inakatika. Kebo ya VGA ya zamani iache, inalainisha kila kitu.

Laptopu nyingi za zamani zina skrini ya 1366 kwa 768. Ukiunganisha projekta na kuiambia laptopu ionyeshe kitu kilekile pande zote mbili, mara nyingi itachagua ukubwa unaoziweza zote, yaani ule mdogo. Umenunua Full HD, unatazama 768. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, uchague picha iende kwenye projekta peke yake, kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini uhakikishe imeandikwa 1920 kwa 1080.

Zima ile taa ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya njano jioni ikifika. Ilitutesa mikutano miwili mizima kabla sijagundua kwamba picha zilikuwa zinaiva kama maembe saa moja usiku kwa sababu ya laptopu, si projekta. Zima usingizi wa laptopu na ujumbe unaojitokeza pembeni. Sitasema ni ujumbe gani uliojitokeza juu ya picha ya msikiti.

Programu ya kuonyeshea iwe rahisi: picha ijae, nyuma peusi, hakuna mbwembwe za kuingia na kutoka. IrfanView inatosha. Ihakikishe haipanui picha ndogo kwa lazima.

Hatua ya saba: kanzu na buibui

Hiki ndicho kipimo chetu, na sijakiona kitabuni. Waombe wanachama wawili wasimame, mmoja na kanzu nyeupe kwenye jua la asubuhi, mwingine na buibui kivulini. Piga picha ambayo darizi la shingo ya kanzu linaonekana na mikunjo ya buibui inaonekana. Ipunguze kama nyingine zote. Ongeza faili la pili lenye miraba ya kijivu, kwa kipimo ambacho 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe kabisa: 0, 5, 10, 15, 20 upande wa weusi, na 235 hadi 255 upande wa weupe. Kila mkutano, kabla ya picha ya kwanza, mafaili haya mawili ndiyo huanza.

Kwanza ingia kwenye menyu ya projekta. Modi ya "Dynamic" au ile ya mwangaza mkali kabisa iache kwa wanaotazama mpira mchana. Hupata mwangaza wake kwa kuongeza kijani, ndiyo ule mlango wa kijani wa siku ya kwanza. Chagua sRGB kama ipo, au modi ya sinema. Punguza ukali wa ndani ya projekta mpaka kamba za jahazi ziache kuwa na mstari mweupe pembeni. Zima kila kinachojibadilisha chenyewe, hasa ile kontrasti inayopanda na kushuka kulingana na picha. Ukiiacha, picha ya mwanachama mmoja itategemea picha iliyotangulia, na hilo si haki.

Kisha tazama. Buibui likiwa kijivu na kanzu imefifia, wakati chumba kina giza, kuna uwezekano laptopu inatuma mwanga wa upana finyu, 16 hadi 235, na projekta inasubiri upana kamili, 0 hadi 255. Buibui likiwa shimo jeusi na kanzu imeungua, wote kwa pamoja, basi ni kinyume chake. Kwenye menyu ya projekta, upande wa HDMI, kuna mahali pa kuchagua. Badilisha, utazame tena. Hilo ndilo lililokuwa limemla yule mama wa picha ya kwanza, pamoja na taa ya barazani.

Pande hizo mbili zikikubaliana, rekebisha kidogo kidogo. Kitufe cha mwangaza ndicho kinachoshughulikia weusi: kishushe mpaka mraba wa 0 uwe mweusi kabisa na wa 10 uanze kutokeza. Kitufe cha kontrasti kinashughulikia weupe: kishushe mpaka 250 na 255 zitofautiane. Majina yake yanachanganya, najua. Andika namba ulizofikia kwenye karatasi, uibandike chini ya projekta. Mtoto wa mtu ataibadilisha, na utashukuru.

Chama chenye uwezo kinaweza kununua kipima rangi, kama Spyder ya Datacolor, kikaitazama projekta na kutengeneza profaili ya kusahihisha rangi. Hakikisha tu kwamba aina unayonunua inafanya kazi na projekta, kwa sababu nyingine ni za skrini pekee. Sisi hatuna. Kanzu na buibui vimetufikisha mbali.

Hatua ya nane: usiku wenyewe

Mwendesha projekta asiwe mtangazaji. Mtu mmoja anasoma majina, mwingine anabonyeza.

Pitisha picha zote mara moja bila maneno, sekunde kumi kila moja, ili macho yazoee na mwamuzi ajue uzito wa kilichopo. Kisha rudi mwanzo, sasa kwa maelezo. Mwamuzi akae katikati, nyuma kidogo ya projekta, si pembeni alipo karibu na birika la kahawa. Kati ya picha na picha pasiwe na skrini nyeupe wala skrini ya mwanzo ya laptopu, kwa kuwa mwanga mmoja mkali huyarudisha macho nyuma dakika nzima.

Stima ikikatika, na itakatika, taa ya projekta inabaki moto na feni imesimama. Ndiyo maana projekta yetu huchomekwa kwenye UPS, ile betri ya akiba. Haikusudiwi kumaliza mkutano. Projekta yetu na laptopu zinakula kama wati 340, na UPS ndogo itazibeba dakika chache, zinazotosha kuizima kwa utaratibu feni ikiendelea. Kama huna UPS, stima ikirudi usiwashe hapo hapo. Iache ipoe kwanza. Ukitumia jenereta, iache itulie kabla ya kuchomeka kitu.

Hatua ya tisa: kuzima na kubeba

Bonyeza kitufe cha kuzima, ngoja feni isimame yenyewe, ndipo uchomoe. Projekta za LED na leza hazina masharti hayo makali, ila tabia njema haidhuru. Zile za taa ya zebaki, balbu ikipasuka fungua madirisha, toa watu, usipekue vipande kwa mikono.

Adui wetu wa kweli hapa ni chumvi na mchanga. Chujio la hewa lisafishwe kila baada ya mikutano michache kwa brashi laini, na plagi zipanguswe, maana hewa ya bahari huzila. Projekta ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lensi hutokwa na jasho. Iache mfukoni mwake nusu saa kabla ya kuiwasha.

Haina gari la kupandia mjini humu. Ibebe begani, kwenye mkokoteni ni sawa ukiifunga kwa godoro, juu ya punda hapana. Mkivuka kwenda Shela au Manda, itie kwenye mfuko usiopitisha maji na uipakate. Niliwahi kuiona laptopu ya mtu imewekwa chini, karibu na ngama, pale maji yanapokusanyika ndani ya chombo, "kwa dakika mbili tu." Nahodha akakata kona, na maji ya ngamani yakaja yote upande ule.